Mzigo wa askari alibeba nani?

Msomaji wangu, usinicheke. Historia fom foo nilipata D, tena ya kuponea chupuchupu. Tulikariri miaka kama kasuku: 1914, 1918, ukitoka kwenye mtihani kichwa cheupe. Juzi nikamkuta mpwa wangu wa darasa la sita anakariri miaka ileile huku machozi yanamlenga. Nikamwambia, funga daftari, Jumamosi tunatoka.

Tukadandia daladala hadi Posta: mimi, yeye, mashoga zake wawili na babu, aliyekuwa Dar kwa matibabu ya macho. Mfukoni kalamu za rangi na karatasi za kuchorea. Tukapiga kambi kivulini, mkabala na Sanamu ya Askari, pale Samora.

Nikawapa kazi: choreni mnachokiona. Wakati wanachora, mwenzenu nikamwaga ninayoyajua. Kwamba pale mwanzo Wajerumani walimsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, Wissmann akang'olewa. Mwaka 1927 akapandishwa huyu wa shaba, kainama kidogo, bunduki na singe kaielekeza bandarini. Vita ya Wazungu, lakini waliokufa kwa wingi huku kwetu ni Waafrika, pande zote mbili.

Mpwa wangu akainua uso. "Mjomba, chakula chake kiko wapi? Mzigo wake alibeba nani?"

Swali hilo, miaka minne ya sekondari sikuwahi kuliuliza!

Nikawapeleka Kariakoo kwa miguu. Jua kali, lakini hakuna aliyelalamika. Pale penye kelele za wamachinga, kila mtu na juisi yake ya miwa, nikawaambia jina la mahali hapa ndilo jibu. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa huku. Waswahili wakalitamka wanavyoweza: Kariakoo. Farasi na punda walikuwa wanakufa kwa mbung'o, hivyo risasi, unga, hata majeruhi vilibebwa na watu. Wanahistoria wanakadiria upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi karibu laki moja, wengi kwa njaa na maradhi. Maandishi ya chini ya sanamu yanawataja, lakini aliyewekwa juu ni mwenye bunduki.

Watoto wakarudia karatasi zao bila kuambiwa. Nyuma ya askari wakaanza kuongeza watu wenye mizigo kichwani, mstari mrefu mpaka karatasi ikaisha. Mmoja akamchora mpagazi aliyekaa chini, hawezi tena.

Babu akaivuta ile karatasi, akaisogeza karibu na macho. Akaomba penseli. Akachora daraja lililokatika katikati.

"Hili ni la Kyaka," akasema. "Majeshi ya Amin walilibomoa mwaka 1978. Mimi nilikuwa mgambo. Masanduku ya risasi tulibeba begani, matope mpaka magotini. Rafiki yangu alikaa chini kama huyu. Tukamwacha, tukasema tutarudi."

Kimya. Wote tunajua babu alikwenda Vita ya Kagera. Nyumbani ukimuuliza anajibu, "Tulishinda, basi." Bibi kaingia kaburini hajui habari ya huyo rafiki.

Mpwa wangu akauliza polepole, "Mlirudi, babu?"

Akatikisa kichwa. Kisha akamwomba rangi ya kijani, akamchorea yule aliyekaa chini mti wa kivuli.

Karatasi ile sasa iko ukutani sebuleni, na mpwa wangu miaka haimtoki tena kichwani. Nawe msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyepita vitani, usimwendee na maswali kama polisi. Mpe mtoto penseli, wakae pamoja. Ila usichelewe, wazee hawa wanakwisha.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.