Safari ya Siku Mbili Mkuza

Mmezoea kusoma humu habari za safari za mbali. Yangu ni fupi, haifiki hata kilomita 50, lakini ilinichukua miaka mingi kuianza. Nalikwenda Mkuza, katika Kibaha, kumtazama rafiki yangu wa tangu ujana katika nyumba yake mpya.

Kwanza yafaa mjue jinsi alivyofika huko. Yeye na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, walikuwa na nyumba Kimara, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizosimama ndani ya hifadhi ya barabara, tangu Kimara hata Kiluvya, zilivunjwa ili barabara ipanuliwe, na ya kwao ilikuwa mojawapo. Sebule ile nilimokula pilau siku ya ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, na jiko, na mwembe uliokuwa nyuma yake, vyote vikawa kifusi kwa asubuhi moja. Jioni yake rafiki yangu akaja kwangu Temeke, akaniomba chumba kimoja kwa muda wa miezi miwili. Nalimjibu kwamba nyumba imejaa. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake. Watu walikuwa wengi nyumbani, ni kweli. Lakini kilikuwako chumba kimoja kilichojaa vitu tu, wala si watu.

Tangu siku ile twalionana katika arusi na misiba, tukasalimiana vema, lakini hakuna aliyevuka kizingiti cha mwenzake. Hata Novemba iliyopita akanipigia simu, akasema, "Dada, maembe yameanza kuiva huku. Njoo ulale japo siku moja." Nikatafuta udhuru, nisiupate.

Basi Jumamosi saa 12 asubuhi nikaondoka. Tulipopita Ubungo na kukaribia Kimara, nikaweka macho dirishani nipate kuona mahali pa nyumba ile. Kutoka hapo hata Kibaha, yapata kilomita 19, barabara imekuwa pana ajabu, na magari hukimbia bila kusongamana kama zamani. Nalitazama huku na huku, nisiweze kupatambua. Pale tulipokaa mchana kutwa tukizungumza, gari lilipita kwa muda wa kupepesa jicho. Abiria mmoja akasema, "Barabara nzuri hii!" Nami nalikuwa nikifurahia wepesi wa safari kama yeye, kisha nikaona haya kwa furaha yangu.

Mbezi nikabadili gari. Tukapita Kibamba, tukafika Kiluvya, ambako wilaya ya Kisarawe inagusa barabara na Mkoa wa Pwani unaanza. Zamani mtu akifika hapo huona pori na mashamba. Leo nyumba zinafuatana. Nanyi msistaajabu. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 1,098,668 katika mkoa wote wa Pwani. Ile ya 2022 ikapata 2,024,947. Katika miaka kumi watu wamekaribia kuongezeka mara mbili. Wengi wanatoka Dar es Salaam, wakitafuta kiwanja ambacho mfuko wao unaweza kukinunua. Katika hesabu hiyo yumo na rafiki yangu.

Nikashuka Maili Moja, nikapanda pikipiki hata Mkuza. Mahali hapa pamekaa kati ya shamba na mji. Njia ni za mchanga, na tairi huzama. Mikorosho mikubwa, iliyopandwa na wazee Wazaramo na Wakwere kabla ya viwanja kupimwa, inasimama bado katikati ya nyua, na mabibo mekundu yalikuwa yameanguka chini yakinukia. Kila baada ya nyumba mbili au tatu iko moja isiyo na paa. Kuta zimefika kwenye linta, majani yameota sebuleni, na mwenyewe yuko mjini akikusanya fedha za mabati.

Nalimkuta rafiki yangu mlangoni, amejifunga kanga, mikono ina unga wa muhogo. Hatukusema neno kwa kitambo. Wajukuu wakaja mbio, "Shikamoo bibi," nami nikaitikia marahaba, na hayo yakatuokoa sote wawili.

Nyumba yake ina vyumba vitatu. Nje haijapigwa lipu, lakini uwanja umefagiwa vizuri. Nyuma liko banda la kuku, na tangi la kukingia maji ya mvua kutoka paani. Bomba pia lipo. Akanijazia kikombe, akacheka, akaniambia, "Kunywa, unayajua maji haya. Ni ya Ruvu. Hata yale ya Kimara yalipita huku huku kwanza. Mimi nimeyafuata tu nyuma." Mchana tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, kisha maembe hata tukashindwa.

Usiku ulipofika akanipeleka katika chumba cha kulala. Kilikuwa ndicho bora katika nyumba nzima: sakafu ya saruji laini, chandarua kipya, dirisha linaloelekea kwenye mikorosho. Nikamwuliza, "Hiki si chako?" Akajibu, "Changu kile kidogo. Hiki ni cha wageni, nacho ndicho nilichokijenga kwanza. Mume wangu alitaka tuanze na sebule, nikakataa. Mwaka ule nalijua ni nini kubisha mlango na kurudi."

Wasomaji, maneno hayo hakuyasema kwa ukali. Lakini nalikaa kitandani nisiweze kuinua uso. Nikamwambia habari ya kile chumba cha vitu: makochi mabovu, magunia, cherehani isiyoshona. Nikasema, "Nafasi ilikuwapo. Naliogopa mtakaa sana." Akanyamaza. Kisha akasema, "Nalijua. Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi, nikaviona vitu nilipokuwa nikinywa chai. Nalikukasirikia miaka miwili. Baadaye hasira ikanichosha, kwa maana nalikuwa na matofali ya kununua." Tukacheka, tukalia, tukazungumza hata jogoo wa kwanza.

Asubuhi, baada ya ibada, akanitembeza kuelekea Tumbi. Huko liko Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mapatano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Ulaya ya Kaskazini: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Shule, mafunzo ya wakulima na huduma za afya vilianzishwa mahali pamoja, na mwaka 1970 kazi hiyo ikawa shirika la taifa. Tumbi leo ni hospitali ya mkoa, na rafiki yangu huenda huko kupimwa shinikizo la damu. Nikamwuliza kama haoni upweke, mbali na majirani wa zamani. Akasema, "Mchana sioni. Usiku, wajukuu wakilala, naona. Ndiyo maana nimekuita. Kile chumba kimekaa mwaka mzima bila mtu kukilalia."

Hapo nikafahamu. Nalidhani nakwenda kumpa pole mtu aliyepotelewa na nyumba. Kumbe nyumba anayo, ila aliyempungukia ni mimi. Sisi husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Naliijua methali hii tangu utoto, lakini sikujua kwamba mgeni naye hupona.

Jioni nikarudi na kikapu cha maembe magotini. Tulipopita Kimara sikutafuta tena mahali pa nyumba ile.

Jumatatu nikafungua chumba changu cha vitu. Makochi nimempa fundi, magunia nimeyatoa, sakafu imepigwa deki. Kitanda kimoja kimewekwa, na rafiki yangu ameahidi kuja mvua zikipungua. Nanyi wasomaji, kama yuko mwenzenu aliyehamia mbali kidogo, na kila mwaka mnasema mtakwenda, nauli ya kwenda Kibaha si kubwa. Mzigo niliousafirisha miaka yote hii ulikuwa mzito kuliko nauli hiyo.