Anayeingia kwa Miguu Yake

Katika kitengo cha dharura nilichofanyia kazi Dar es Salaam, majeruhi wa kichwa aliyeletwa hajitambui hakuwa na mjadala. Kila mtu alijua pa kumkimbiza. Mimi nilimhofia yule aliyeingia kwa miguu yake, fomu ya polisi ya PF3 mkononi, akisema, "Nimejigonga kidogo tu dokta, nipe Panadol niwahi kijiweni."

Mizani ya Glasgow, iliyotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, humpa mtu alama 3 hadi 15 kwa anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Kuanzia 13 jeraha huhesabiwa dogo. Lakini 14 sijawahi kuichukulia sawa na 15.

Ndiyo maana namkumbuka kijana wa bodaboda aliyeniuliza pikipiki yake iko wapi. Nikamwambia iko polisi. Akashukuru vizuri kabisa, kisha akauliza tena kwa maneno yaleyale. Mwenzake akacheka: "Pombe hizo, dokta." Kweli alinuka pombe, ila mlevi naye huvia damu ndani ya fuvu, na sikukubali pombe isingiziwe kabla hilo halijaondolewa. Nikampapasa kichwa, nikamulika mboni, nikatazama nyuma ya masikio kama pamevilia, na puani kama panachuruzika maji. Sikuona kitu. Aliyenifaa ni mwenzake: alimwona akizirai, na njiani alimshikilia akitapika mara mbili. Kwa kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 ya kuamua nani apigwe picha ya kichwa, tuliyoifuata, kutapika huko tu kulitosha kumpeleka CT scan. Picha ikaonyesha damu. Madaktari wa upasuaji wakaitwa usiku uleule, na akapona.

Mzee wa miaka 65 na zaidi aliyezirai hata kidogo, au mtu yeyote anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, naye nilimpeleka CT scan bila kubishana.

Wengine wengi hawakuhitaji picha, na kuwatoza gharama hiyo si haki. Hao niliwaruhusu, lakini maneno yangu niliyaelekeza kwa aliyewasindikiza. "Mama, leo asilale peke yake. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akiongea yasiyoeleweka, akishindwa kuamka au akipata degedege, mrudishe saa hiyohiyo, usingoje kukuche." Kisha nikamtaka anirudishie yote kwa mdomo wake. Asiyekuwa na mtu wa kukaa naye nyumbani nilimtafutia kitanda wodini.