Chai Bila Sukari

Mama alichuma chai Kericho kwa miaka 23, akilipwa kwa kilo. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Lakini chai aliyoijua ni moja tu: maziwa nusu, maji nusu, majani yachemkie humo humo sufuriani, kisha sukari vijiko vinne. Daktari alipomwambia ana ugonjwa wa sukari, hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Na chai je?"

Kazi ikaniangukia mimi, mwandishi wa habari wa Nairobi, mwenye kujifanya anajua mambo. Kila mwisho wa mwezi nilipanda matatu na pakiti mpya kwenye begi.

Tulianza na strungi ya tangawizi. Akasema hiyo ni chai ya nyumba isiyo na ng'ombe. Mchaichai, eti dawa ya kikohozi. Ya kijani niliiharibu mwenyewe: niliimwagia maji yanayotokota, ikawa chungu kama mwarobaini. Kumbe maji yake hupozwa kidogo kwanza.

Chai nyeupe niliinunua kwa bei ambayo sikumtajia. Hutengenezwa kwa machipukizi yasiyofunguka bado. Mama aliyamwaga kiganjani, akayageuzageuza kwa kidole kwa muda mrefu.

"Haya si ndiyo tulikuwa tunachuma?"

Nikamwambia ndiyo, karibu sana. Kikombeni haikuwa na rangi ya maana. Nilinyamaza nikitafuta ladha, nikapata kitu kama harufu ya shamba alfajiri, kabla umande haujakauka. Au labda ni zile pesa nilizotoa, sijui. Mama alikunywa mara mbili, akaniuliza nani huinywa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ya zambarau ndiyo iliyomchekesha. Mmea wake ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa hapo hapo Kericho, Mama akiwa tayari ameacha kazi. Nilipokamulia limau, rangi ikageuka ikawa ya waridi. Akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, akamwita jirani aje aone. Hata hivyo hakumaliza kikombe.

Mwezi uliopita nilifika bila kupiga simu. Nilimkuta jikoni, maziwa yanapanda, mkono uko kwenye kopo la sukari. Pakiti zangu zote zimepangwa vizuri kwenye rafu.

"Kimoja tu," alisema, bila kugeuka.

Nilivuta kigoda, nikasogeza kikombe changu animiminie.