Taa za Mwera si taa za Segera

Segera hadi Muheza, usiku. Macho yaliniuma mpaka Tanga mjini. Njia ni lami nzuri na upana unatosha, lakini kila lori lina taa za ziada, na dereva huziwasha kumkomoa aliyemwashia yeye. Unampiga fulu mara moja kumkumbusha ashushe, naye anakujibu kwa zile nne zilizo juu ya kabini. Baada ya hapo huoni kitu, wala baiskeli isiyo na taa pembeni mwa lami. Kwa spidi ya 60 gari hula karibu mita 17 kila sekunde. Nilihesabu sekunde tatu kabla ya macho kurudi.

Nikaapa sitafunga taa za ziada maisha yangu. Kesho yake asubuhi nilikuwa Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, nikizitafuta.

Sababu ni Mwera. Kwenda huko nilikuwa navuka mto Pangani, napita kwenye mkonge, na kurudi ingekuwa usiku. Aliyeijua njia aliniambia taa za kuzaliwa nazo za kigari changu, Escudo ya zamani, kule zingekuwa kama kibatari. Dukani kijana aliniwekea mezani mstari wa LED mrefu kama mkono, mwanga wake mweupe unaoelekea bluu. "Hii ukiwasha, mjomba, usiku unakuwa mchana." Nikakumbuka Segera, nikamrudishia.

Fundi umeme niliyempata alikuwa amekaa juu ya tairi, akichuna waya kwa meno. Hakuuliza nataka taa gani. Aliuliza nakwenda wapi, kisha akauliza kama nitarudi na mzigo. Nikasema sina mzigo. Akachomoa taa mbili za duara. Moja hutupa mwanga mwembamba unaokwenda mbali. Hiyo, alisema, ni ya njia iliyonyooka na isiyo na watu. Nyingine mwanga wake ni mpana, mfupi, na juu umekatwa kama ukingo wa meza. Hiyo ndiyo ya vumbi.

Nilichagua hiyo ya vumbi, jozi yake, nikaomba basi iwe ya njano, maana njano hupenya ukungu. Akacheka. Hapo nakubaliana naye: matone ya ukungu hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na kinachosaidia ni ule ukingo wa juu na taa kukaa chini. Ukifunga taa juu ya paa, karibu na macho yako, vumbi linakurudishia mwanga usoni na mbele yako panakuwa pazia jeupe. Ukiifunga chini kwenye bampa, mwanga unapita chini ya vumbi jingi na kulamba barabara yenyewe, mashimo yakatoa vivuli. Kivuli ndicho kinachokwambia shimo lina kina gani.

Kwenye nyaya nilimsimamia, kwa kuwa nilishaungua. Miaka ya nyuma gereji moja ilinifungia taa kwa kupitisha umeme wote kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Tulikuwa hatujafika mbali nikasikia harufu ya plastiki, nikaikuta swichi imelainika kama nta. Hesabu yake si ngumu: taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 hunywa zaidi ya ampea 9. Swichi ile haikuumbwa kwa mzigo huo. Safari hii ilifungwa rilei. Mguu wa 30 ulitoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, iliyowekwa karibu kabisa na betri. Wa 87 ukaenda kwenye taa. Wa 86 ukaenda kwenye swichi, ambayo sasa kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Wa 85 ukafungwa kwenye bodi. Kabla ya kuufunga huo wa mwisho fundi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Pwani hii chumvi hula kila kiungo, kwa hiyo akapaka grisi juu.

Kisha tulilisogeza gari mita 10 kutoka ukutani, akapima kimo cha taa, akachora mstari kwa chaki sentimita 20 chini ya kimo hicho. Ukingo wa mwanga ukakaa hapo.

Kwenye pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, jua lilikuwa bado juu, na taa hazikuwa na kazi. Mwera ni mkonge kwa mistari iliyonyooka, minazi, na barabara ya vumbi jekundu. Mzee mmoja niliyemwamkia, ambaye zamani alivua dagaa Kipumbwi, aliziinamia taa zangu kwa muda. Enzi zao, alisema, taa za kuvulia zilikuwa karabai, siku hizi vijana wanatumia LED na betri. Lakini mbalamwezi ikiwa kali wanalala nyumbani, maana taa haivuti samaki kama bahari yote imeshawaka. "Taa inataka giza lake," alisema, akaniuliza zangu zimekula shilingi ngapi. Bei ilimshangaza zaidi kuliko taa.

Nilisema sina mzigo. Huwezi kutoka Mwera huna mzigo. Wenyeji walinipakilia magunia manne ya nazi, na mkungu wa ndizi juu yake, na kukataa ingekuwa matusi.

Giza lilinikuta katikati ya mkonge. Niliwasha. Barabara haikuonekana. Springi za nyuma zilikuwa zimekaa, pua ya gari imeinuka, na ule ukingo wa mwanga tuliouchora kwa chaki Ngamiani ulikuwa juu ya vilele vya minazi. Ningeweza kuhesabu makuti. Bodaboda aliyekuwa akija mbele alisimama kabisa, mkono usoni.

"Kaka, unatafuta nazi huko juu?"

Nikamwambia ninazo nyuma. Nikazima, nikashuka na spana namba 13.