Mnyama Huyu Anakaa Wapi?

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Dodoma utafika Makuyuni. Hapo kata kulia. Baada ya muda utaona mbele yako mlima mrefu uliosimama kama ukuta. Huo ni ukuta wa Bonde la Ufa. Chini yake uko mji wa Mto wa Mbu, wenye mashamba ya mpunga na migomba. Jirani na mji huo ipo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960.

Wakati wa likizo watoto wa shule huja hapa kupiga kambi na kujifunza habari za wanyama. Wengine huja na vikundi vya shuleni, kama vile vya Malihai vilivyoanza mwaka 1980. Mimi ni bwana shamba. Niliitwa katika kambi moja kuwaeleza watoto habari za udongo. Karibu, twende pamoja.

Maswali manne

Mwalimu wa kambi aliwapa watoto maswali manne tu. Mnyama huyu anakula nini? Anakunywa wapi? Analala wapi? Anazaa na kulea wapi? Ukipata majibu yote manne, umeyajua makao yake. Likikosekana jibu moja, mnyama huyo hawezi kukaa hapo.

Tulianza na msitu ulio karibu na lango. Miti yake ni mirefu na ya kijani hata wakati wa kiangazi. Kwa nini? Mvua hunyesha juu, katika nyanda za Ngorongoro na Karatu. Maji huzama ardhini, kisha hutokea chini ya ukuta kama chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zinazoulisha msitu. Nyani hula matunda ya mikuyu na hulala juu ya miti. Watoto walijibu upesi.

Kisha tukamtazama kiboko. Watoto walisema, "Anakaa majini." Mwalimu akauliza, "Je, anakula nini?" Wakanyamaza. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua kali. Usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu. Kwa hiyo anahitaji maji na malisho pia. Ukimnyima kimoja, umemfukuza.

Ziwani tuliona heroe, wale ndege wenye rangi ya waridi. Maji ya ziwa hili yana magadi, na kina chake ni kifupi. Heroe wadogo huchuja humo mimea midogo sana ambayo jicho haliwezi kuiona mmoja mmoja. Lakini jibu la swali la nne liliwashangaza watoto. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki hutaga mayai katika Ziwa Natron, kaskazini ya hapa. Chakula kiko huku, kitanda cha watoto kiko kule.

Madebe mawili

Siku ya pili ilikuwa zamu yangu. Tulichukua madebe mawili tukayakata ubavuni. Katika debe moja tuliweka udongo wenye nyasi. Katika la pili tuliweka udongo mtupu. Tukayainamisha, tukamwagia kila moja kopo la maji, tukakinga maji yaliyotoka. Maji ya debe la nyasi yalikuwa karibu meupe. Maji ya debe la udongo mtupu yalikuwa mekundu kama uji wa ulezi.

Nikawaonyesha ukuta wa bonde. Juu ya ukuta ule kuna mashamba ya Karatu na Mbulu. Shamba la mteremko likilimwa bila kinga, mvua hubeba udongo hadi mtoni, na mto huuleta ziwani. Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Maji yake hukaushwa na jua. Udongo haukaushwi, unabaki. Mwaka hadi mwaka ziwa linajaa tope, na katika miaka ya ukame sehemu kubwa hukauka. Mkulima wa juu anapoteza rutuba. Kiboko na heroe wanapoteza makao.

Swali la mtoto

Mvulana mmoja wa Mto wa Mbu aliinua mkono. "Bwana shamba, tembo wakila migomba ya baba, nani mwenye makosa?" Hakuna aliyecheka. Mgomba ni chakula na ada ya shule.

Nilimwambia tumuulize tembo maswali yale manne. Tembo hutembea mbali kutafuta majani na maji. Njia yao kati ya Manyara na Tarangire, pale Kwakuchinja, imebanwa na nyumba na mashamba. Tembo akikuta shamba njiani, hula. Hasara ya baba ni ya kweli, na ni haki yake kulinda shamba lake. Wakulima wengine huzungushia kamba yenye pilipili na oili chafu. Wengine hutundika mizinga ya nyuki, nao hupata asali. Lakini kinga ya kwanza ni kutolima katika njia inayojulikana.

Kazi yako, msomaji

Huhitaji kwenda Manyara ili kujifunza haya. Toka na mtoto wako leo. Chagueni chura, ndege au nyuki wa hapo kijijini. Muulizeni maswali manne.

Halafu tazama shamba lako. Kama lina mteremko, lima matuta ya kukingama mteremko, na panda majani ya tembo juu yake. Ng'ombe watayala pia. Acha kingo za mto zipumzike. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu.

Mvua ikinyesha, kinga maji yanayotoka shambani kwako kwa kopo. Yakiwa mekundu, ujue chakula cha watoto wako kinakwenda na maji.