Kufundisha Serikali ya Shirikisho kwa Hesabu ya Shule

Miongoni mwa mada zinazowatatiza wanachuo wetu katika somo la uraia ni ile ya serikali ya shirikisho. Sababu yake twaijua. Wengi wao wamekulia katika nchi ambamo mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na mkoa ni mkono wa serikali kuu. Kwa hiyo wasomapo habari za majimbo ya Marekani huchora ngazi ubaoni: Rais juu, gavana katikati, diwani chini, na amri zikiteremka. Mchoro huo ni mwepesi kukumbukwa, lakini haufai. Mtoto aliyefundishwa hivyo hataelewa kwa nini gavana aweza kumpinga Rais hadharani na asiondolewe kazini.

Sisi tumeona kuwa ngazi hiyo haivunjwi kwa maelezo mengi, bali kwa mfano mmoja wenye tarakimu. Tunatumia wilaya mbili za shule za San Antonio, katika jimbo la Texas. Wilaya ya shule huko ni serikali ya mitaa: ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, nayo hutoza kodi ya mali.

Hesabu zenyewe ni za mwaka wa masomo 1967–68. Katika Edgewood, penye wakazi maskini, wengi wao wenye asili ya Meksiko, kila mtoto alitengewa dola 26 za wilaya, baada ya kuondolewa fungu lililotakiwa na jimbo; dola 222 za jimbo; na dola 108 za serikali ya shirikisho. Katika Alamo Heights, penye wenye mali, zilikuwa dola 333 za wilaya, 225 za jimbo na 36 za shirikisho. Wanachuo hujumlisha wenyewe: 356 kwa 594. Kisha tunawaeleza kuwa watu wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, hali wenzao walijitoza senti 85 tu. Maskini walijikamua zaidi wakapata pungufu, kwa kuwa mali yao ilikuwa na thamani ndogo.

Ndipo tunapouliza: mzazi wa Edgewood abishe hodi wapi? Wengi hujibu: kwa serikali kuu. Wazazi wenyewe, akiwamo Demetrio Rodriguez, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mwaka 1968. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba Katiba ya Marekani haiitaji elimu miongoni mwa haki inazozilinda.

Kwa mchoro wa ngazi, habari ingeishia hapo. Lakini Texas ina katiba yake, inayolipa bunge la jimbo wajibu wa kuweka mfumo bora wa shule za umma zisizo na malipo. Kesi nyingine ikafunguliwa katika mahakama ya jimbo mwaka 1984. Mwaka 1989 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Texas wakaamua kuwa mfumo ule wa fedha uliivunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzifanya wilaya tajiri zichangie wilaya maskini.

Hapa wanachuo hujifunza mambo mawili. Kwanza, jimbo si tawi la Washington. Lina madaraka yake, ambayo Rais hakuyatoa wala hawezi kuyatwaa. Pili, wilaya ya shule ni mtoto wa jimbo, na jimbo laweza kuugusa hata mfuko wake. Basi ngazi ina ukweli kati ya jimbo na serikali za mitaa, lakini haifiki mpaka kwa Rais.

Kwa watoto wa shule ya msingi, mwalimu na achukue vikapu vitatu kwa kila wilaya, atie punje moja ya mahindi kwa kila dola 10, kisha watoto wahesabu na kulinganisha. Neno shirikisho lije baada ya punje.

Wako wanachuo wanaouliza faida ya kuwafundisha watoto wetu mambo ya mbali. Tunawaomba watazame tarehe tena. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1968 alikuwa mtu mzima hukumu ya 1989 ilipotoka. Raia asiyejua ni serikali ipi yenye dhamana ya jambo lake aweza kubisha hodi pasipo na jibu, na wakati huo wote mwanawe yu darasani.