Katapila Kuukuu na Cheni ya Kushoto

Wengi wetu tulioko ughaibuni tuna kitu nyumbani ambacho hatukioni ila tunakilipia. Kwa mmoja ni nyumba isiyokwisha, kwa mwingine ni daladala, kisima au mashine ya kukoboa. Sisi ndugu wanne tuna katapila. Tulilinunua kwa kuchanga mwaka 2011, likiwa tayari kuukuu, ili lisafishe mashamba na kulima ardhi nzito ya upande wa Turiani, mkoani Morogoro. Dereva ni mpwa wetu. Fundi ni mzee mmoja ambaye hata kwenye simu tunaanza kwa shikamoo.

Mwaka 2019 katapila hilo lilianza kuchomoka cheni ya kushoto. Ilirudishwa, ikakaa siku tatu, ikachomoka tena. Hatimaye ujumbe ukatufikia: cheni imekwisha, tumeni fedha za cheni mpya, tena zote mbili. Fedha zenyewe zingetosha ada ya mtoto kwa mwaka mzima. Katika kikao chetu cha simu cha Jumapili tukagawanyika. Wawili walitaka tutume upesi ili kazi isilale. Wawili walisema tunaliwa. Kilichokosekana pande zote mbili ni jambo moja: hakuna aliyejua cheni ile ina nini.

Tueleze kwanza kwa kifupi jinsi mtambo huu unavyotembea. Nyuma kuna sproketi yenye meno, nayo ndiyo inayovuta cheni. Mbele kuna aidla, gurudumu lisilo na meno, linaloikaza na kuiongoza. Katikati ziko rola zinazobeba uzito. Rola na aidla hushikwa na fremu moja ndefu, na vyote hivyo pamoja na sproketi sharti vikae katika mstari mmoja. Kimoja kikihama, cheni huingia kwa upande, husugua mbavu za viungo vyake, na siku ya kukata kona kwenye tope hutoka. Tangu Benjamin Holt alipojaribu trekta lake la cheni huko Stockton, California, mwaka 1904, injini zimebadilika sana, lakini sharti hilo liko palepale.

Basi hatukumpigia mzee simu kumuuliza nani kasema cheni imekwisha. Tulimwamkia, tukamwomba yeye na mpwa wetu waoshe tope lote, wapige picha, na wapime mambo machache kwa utaratibu.

La kwanza lilikuwa mkazo. Mashine huendeshwa mbele kidogo kisha huachwa isimame yenyewe bila breki. Ubao ulionyooka hulazwa juu ya cheni, kutoka kwenye aidla hadi kwenye rola ya juu, ndipo hupimwa cheni imebonyea kiasi gani. Kwa mashine kama yetu, kati ya sentimita 2.5 na 4 ni sawa. Cheni iliyolegea huchomoka. Iliyokazwa mno hula pini na bushi. Yetu ilikuwa na sentimita 3.5. Kulegea hakukuwa sababu.

La pili lilikuwa kuitazama cheni kutoka mbele ikiwa imevutwa. Pini na bushi zikilika sana, cheni hupinda huku na huku kama nyoka, na mikwaruzo huonekana kwenye mbavu zote mbili za viungo. Yetu ilipinda kidogo tu, na mikwaruzo ilikuwa ubavu wa ndani peke yake.

La tatu lilikuwa swali kwa dereva: unalima wapi? Katapila linaloshinda kwenye mteremko, upande uleule ukiwa chini kila siku, huzila cheni zake zote mbili kuelekea upande mmoja. Mpwa wetu alijibu kuwa msimu ule alikuwa bondeni, na picha za cheni ya kulia zilionyesha viungo visafi. Mteremko nao ukaondoka kwenye orodha.

La nne lilikuwa sproketi na aidla. Ingekuwa aidla peke yake imesuguliwa, tungeshuku vile vibati vyembamba vinavyoisawazisha pembeni. Lakini meno ya sproketi yalikuwa yameliwa ubavu, na aidla vilevile. Hapo shaka ikahamia kwenye kinachovishika: fremu nzima.

Wakapima nafasi kati ya kila fremu na tumbo la mashine, mbele na nyuma. Ya kulia ililingana na kitabu cha mashine. Ya kushoto, mbele ilikuwa imeingia ndani kwa karibu sentimita 2. Kisha wakainua upande ule kwa jeki, wakaweka magogo chini kwa usalama, wakasukuma fremu kwa mtaimbo. Ikacheza kama jino bovu. Mkono wa mshazari unaoizuia fremu isiende upande hushikwa kwenye bushi karibu na sproketi, na bushi ile ilikuwa imelika hadi tundu lake limekuwa na umbo la yai.

Bushi mpya ilichongwa kwenye karakana moja mjini Morogoro, fremu ikanyooshwa kwa kufuata uzi uliokazwa, na cheni ileile ikarudishwa. Imelima misimu miwili zaidi kabla ya pini zake kuhitaji kushughulikiwa. Tungetuma fedha, cheni mpya ingefungwa kwenye fremu iliyopinda, ikaliwa vilevile.

Je, mzee alitudanganya? Mpwa wetu alitueleza baadaye kwamba tangu siku ya kwanza mzee alisema, "Cheni inalika, na fremu inacheza." Maneno hayo yalipita kwa watu watatu. Kila aliyeyapokea alijua walioko nje watauliza swali moja tu, shilingi ngapi, basi akabakiza kile chenye bei dukani. Fremu inayocheza haina bei dukani, ikaachwa njiani.

Nchi yetu imeshaonja hasara ya mashine zinazoamuliwa kutoka mbali. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ulitegemea sana matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri vilikuwa haba, na mradi ulipoachwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Sisi na mchango wetu wa ndugu wanne ni kitu kidogo mbele ya hayo, lakini umbali wa London na Kongwa tunaujua.

Kwa hiyo tumewekeana desturi. Mzee anazungumza nasi mwenyewe, bila tarishi. Mpwa wetu ana daftari la vipimo: mkazo, nafasi za fremu, hali ya mbavu za viungo, kila baada ya kulima msimu. Kukiwa na tatizo, tunapokea picha na vipimo kwanza. Bei huja mwisho, na mara nyingine haiji kabisa.